Kustaafu mapema na kuhamia Ureno: hukumu yake na hesabu zake

 

Tumekuwa tukiulizwa na familia za Unguja na Pemba kuhusu ndugu zao walioko Uingereza. Wamefika miaka hamsini na kitu, wamechoka na kazi, na wanataka kuhamia Ureno ambako maisha ni nafuu kuliko London. Je, inafaa?

Kuhama kwenyewe asili yake ni ruhusa, maadamu mtu anaweza kusimamisha Sala na kulea watoto wake katika dini bila ya kuzuiliwa. Ureno hilo lipo. Msikiti Mkuu wa Lisbon ulifunguliwa mwaka 1985, na wengi katika jamaa zake asili yao ni Msumbiji, jirani zetu. Lakini nyumba za bei rahisi ziko vijijini, mbali na misikiti. Ndugu aulize kwanza Ijumaa atasali wapi, ndipo aulize kodi.

Uzito uko kwenye mapato. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, mwenye pasipoti yake huruhusiwa kukaa siku 90 tu katika kila siku 180. Anayetaka kuishi huomba viza iitwayo D7, na sharti lake ni mapato yanayoingia bila ya kufanya kazi: pensheni, kodi ya nyumba aliyoipangisha, gawio la hisa na mfano wa hayo. Mwaka 2025 kiwango cha chini kilikuwa euro 870 kwa mwezi, na nusu yake huongezwa kwa mke. Kwa wawili ni euro 1,305.

Hapa ndipo mtego ulipo. Mtu ana akiba, lakini akiba peke yake si mapato, basi hushawishika kuiweka benki kwa muda maalumu ili "faida" ionekane kwenye karatasi. Hiyo ni riba, na kutafuta maisha ya nafuu si dharura ya kuihalalisha. Kodi ya nyumba ni halali. Gawio linategemea kampuni inauza nini.

Pensheni ya serikali ya Uingereza nayo haipatikani kabla ya miaka 66, na umri huo unapandishwa kufikia 67. Aliyeacha kazi na miaka 55 ana zaidi ya miaka kumi ya kula akiba, na zaka haimsubiri. Fedha ikifika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka, hutolewa asilimia 2.5. Pauni 60,000 hutoka 1,500. Wengi huisahau wanapopiga hesabu zao.

Wazee hapa huuliza: kwa nini wasirudi nyumbani tu? Ipo sababu ya kweli. Pensheni hiyo huongezwa kila mwaka kwa anayeishi Ureno, lakini kwa anayeishi Tanzania hubakia pale pale ilipoanzia. Hatuwalaumu.

Ila mwenye wazazi wahitaji, nafaka yao ni wajibu juu yake akiwa na uwezo, na akiba ni uwezo. Kusema "nimestaafu" na kukata fedha za kila mwezi hakumuondolei wajibu huo. Aiingize nafaka yao katika hesabu kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, na kama haitoshi, aendelee na kazi kwanza.

Wallahu a'alam.