Molo: Hofu Inapoingia Kituo cha Kura

Kwa miaka mingi, uchaguzi ulipokaribia, familia nyingi za Molo na Kuresoi, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, zilijiandaa kwa namna yake. Watoto walipelekwa kwa jamaa Nakuru mjini, viazi vikauzwa upesi hata kwa bei ya kutupa, na magodoro yakafungwa kamba, tayari kwa safari.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwishoni mwa 1991 Kenya ilirejesha vyama vingi, na moto wa mapigano ukazuka Bonde la Ufa. Mwaka 1992 moto huo ulifika Molo, ambako Wakikuyu, Wakalenjin na Wakisii wamepakana shamba kwa shamba. Mwaka huohuo kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliwataja wanasiasa kuwa miongoni mwa wachochezi. Januari 1998, wiki chache baada ya uchaguzi mwingine, ikawa zamu ya Njoro.

Kisha yakaja machafuko ya baada ya uchaguzi, ya 2007 na 2008. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyoyachunguza, ilihesabu vifo 1,133 nchini, na 744 kati yake vilitokea Bonde la Ufa.

Vita vya namna hii hubadilisha fikra za mpiga kura. Aliyechomewa nyumba hamuulizi mgombea habari za barabara wala bei ya pareto. Anataka kujua nani atamlinda. Migogoro ya ardhi, ambayo mingine ina mizizi tangu ukoloni, humpa mwanasiasa kuni za kuchochea. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto waliziunganisha kura za Wakikuyu na Wakalenjin, na wengi wakapumua. Ila ule ulikuwa mkataba wa viongozi: mashauri ya mashamba yalibaki pale pale.

Dalili ya siasa tofauti ilionekana Juni 2024, vijana walipoingia barabarani Nakuru, kama walivyofanya katika miji mingine, wakipinga Mswada wa Fedha. Wengi walikuwa wachanga, au hawajazaliwa kabisa, 2008 ilipowaka. Walilalamikia kodi na gharama ya maisha, na wakakataa kupangwa kwa makabila. Tarehe 26 Juni Rais Ruto alikataa kuutia saini mswada huo.

Lakini machungu ya zamani bado yanadai majibu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyochunguza dhuluma hizo, ilikabidhiwa rais mwaka 2013. Miaka miwili baadaye serikali ikaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa wa dhuluma za zamani. Wanasiasa wanaopanda Molo kuomba kura za 2027 waulizwe, kila mkutano, ahadi hiyo imefika wapi.