Kuharakisha Kichakataji cha Kompyuta na Tatizo la Joto

Mnamo mwaka 1998 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa kichakataji cha bei nafuu kilichoitwa Celeron 300A. Kichakataji, au prosesa, ndicho kijisehemu cha kompyuta kinachofanya hesabu zote, nacho huongozwa na mapigo ya saa yake ya ndani. Hicho cha 1998 kilikusudiwa kwenda kwa mapigo milioni 300 kwa sekunde, yaani megahezi 300. Haukupita muda mrefu watumiaji wakatambua kwamba, kwa kubadili kipimo kimoja tu katika ubao mkuu kutoka megahezi 66 hadi 100, saa hiyo ilifika megahezi 450, na kompyuta nyingi ziliendelea na kazi bila ya matata.

Mwendo wa ziada, hata hivyo, hulipiwa kwa joto. Ndani ya kichakataji mna swichi ndogo mno ziitwazo transista, ambazo katika vichakataji vya leo huhesabiwa kwa mabilioni. Kila swichi inapojifungua na kujifunga hutumia umeme kidogo, na umeme huo wote huishia kuwa joto. Joto hilo huongezeka sambamba na kasi ya saa, lakini kwa upande wa volteji huongezeka kwa kipeo cha pili. Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu akiongeza kasi peke yake kwa asilimia 10, joto huongezeka kwa asilimia 10. Lakini kasi kubwa aghalabu haitulii bila ya kuongezewa volteji. Naye akiiongeza hiyo pia kwa asilimia 10, joto hupanda kwa asilimia 33. Volteji, basi, ni ya kuogopwa kuliko kasi yenyewe.

Ukubwa wa joto hilo waweza kupimwa kwa kulinganisha. Pasi ya umeme ya wati 1,000, yenye uso wa sentimita za mraba 200, hutoa wati 5 kwa kila sentimita ya mraba. Kichakataji kinachotumia wati 150 katika kipande cha silikoni cha sentimita 2 za mraba hutoa wati 75 kwa eneo hilo hilo, yaani mara 15 ya pasi. Na hakuna anayethubutu kuisahau pasi juu ya shati. Intel yenyewe, mwaka 2004, iliacha mpango wa kuifikisha Pentium 4 kwenye gigahezi 4, na joto lilikuwa miongoni mwa sababu.

Joto hutoka kwenye silikoni, likapita katika kifuniko cha metali na grisi maalumu ya kupitishia joto, hadi kwenye kipoozeo cha alumini au shaba nyekundu kinachopulizwa na feni. Kazi ya grisi ni kuziba nafasi ndogondogo zenye hewa, kwa kuwa hewa hupitisha joto kwa shida. Ikipakwa nene mno huwa kizuizi, na baada ya miaka hukauka.

Kipoozeo hakiwezi kushusha halijoto chini ya ile ya hewa ya chumbani. Mathalani, kipoozeo chenye kuacha tofauti ya nyuzi 0.3 za sentigredi kwa kila wati, kikibeba wati 150, kitakuwa na nyuzi 45 juu ya hewa. Katika chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya, kichakataji kitafika nyuzi 65. Dar es Salaam, alasiri ya Februari yenye nyuzi 32, kitafika 77. Volteji na kasi zikiongezwa kama ilivyoelezwa, wati 150 huwa 200, na nyuzi hizo huwa 80 kwa Ulaya na 92 kwa Dar es Salaam. Vichakataji vya Ryzen 7000 vya kampuni ya AMD, vilivyotolewa mwaka 2022, vina kikomo cha nyuzi 95. Kwa hiyo vipimo vilivyonakiliwa kwa mtu wa nchi ya baridi havina budi kupunguzwa.

Kikomo kinapofikiwa, kichakataji cha siku hizi hujipunguzia mwendo chenyewe, na faida yote ikapotea. Lakini hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Kichakataji kilichosukumwa mno na kupata moto huweza kukosea hesabu bila ya kompyuta kuzimika. Mwanafunzi aliyeiacha ikichambua takwimu za utafiti wake usiku kucha akaamka na jibu lisilo sahihi, wala asijue.

Inafaa basi kuongeza kasi hatua kwa hatua, bila ya kugusa volteji kwanza. Kila hatua ijaribiwe kwa saa kadhaa za kazi nzito, huku halijoto ikisomwa kwa programu ya vipimo. Na jaribio lifanywe alasiri, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kwani jaribio la usiku wa mvua hudanganya. Upoozaji wa maji husaidia kuhamisha joto, ingawa nao hufungwa na halijoto ya chumba. Wanaotumia barafu ili kuvuka mpaka huo wakumbuke unyevu wa pwani: metali iliyopozwa mno hutoa jasho kama glasi ya maji baridi, na jasho hilo hudondokea kwenye ubao wenye umeme. Vumbi nalo huziba mapezi ya kipoozeo. Lisafishwe kwa brashi laini, kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye umeme.