Mchoraji Aliyelishwa na Nduguye

Ndugu msomaji, huenda katika ukoo wenu yumo mmoja ambaye kazi hazimkai. Kila mwisho wa mwezi barua yake hutangulia mshahara wako, akiomba kidogo tu. Nawe hutuma, mkeo akinyamaza au asinyamaze. Riwaya ya Lust for Life, iliyotungwa na Mmarekani Irving Stone na kuchapishwa mwaka 1934, inasimulia habari za jamaa wa namna hiyo: mchoraji Vincent van Gogh, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1853.

Wengi hukifungua kitabu hiki wakitafuta kisa cha sikio alilojikata mwaka 1888 huko Arles, kusini mwa Ufaransa. Usikimbilie huko. Kaa kwanza katika kurasa za Borinage, eneo la machimbo ya makaa ya mawe nchini Ubelgiji. Vincent alikwenda kuwahubiria wachimbaji. Akaona jinsi watu wanavyoshuka shimoni na kutoka weusi tii, akagawa nguo zake, akalala kibandani. Wakubwa wake wa kanisa wakamwachisha kazi, kwa kuwa waliona amepita kiasi! Ndipo akashika kuchora kwa dhati, akiwa na umri wa miaka 27 na hana hata senti.

Aliyemlisha ni mdogo wake, Theo, mfanyakazi wa duka la picha mjini Paris. Kwa muda mrefu Theo alimpelekea kiasi cha faranga 150 kwa mwezi, tena na rangi za kuchorea. Mwaka 1885 Vincent akaichora familia ya wakulima ikila viazi chini ya taa, mikono yao ikifanana na udongo wanaoulima. Haikupata mnunuzi maisha yake yote. Theo akaendelea kutuma.

Kasoro za Stone sizifichi. Mazungumzo ameyabuni, na yule Maya anayemtokea Vincent huko Arles hakupata kuwako duniani. Mtunzi mwenyewe amekiri hivyo mwishoni mwa kitabu. Kwa upande wangu, ningeuondoa mkasa ule bila huruma. Lakini sehemu kubwa ameichota katika barua ambazo Vincent alimwandikia nduguye.

Julai 1890 mtoto wa Theo aliugua, na Theo akawa anafikiria kuacha kazi kwa sababu ya uchache wa mshahara. Vincent akajiona mzigo. Mwezi huohuo akafariki kwa jeraha la risasi, na umri wake miaka 37. Theo akamfuata Januari 1891.

Mkewe Theo, Johanna, aliachwa mjane wa miaka 28, mikononi ana mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na picha tele zisizotakiwa na mtu. Akarudi Uholanzi, akafungua nyumba ya kupangisha wageni katika mji wa Bussum, akamlea mwanawe kwa kipato hicho. Jioni alizisoma barua za shemeji yake, moja baada ya moja. Kama angezitupa, Stone angeandika nini? Akazichapisha mwaka 1914. Mwaka huohuo akauhamisha mwili wa mumewe kutoka Utrecht hadi Auvers, Ufaransa, ukazikwa kando ya Vincent.