Nyuzi huondoka, mashudu hubaki

Msimu wa ununuzi hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, na barabara za vumbi za Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, mkoani Simiyu, hujaa pamba. Hutoka shambani kwa baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe, hupimwa kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kisha hupakiwa kwenye malori kwenda kuchambuliwa kwenye jini, kiwanda cha kutenganisha nyuzi na mbegu. Hapo ndipo zao moja linapogawanyika, kila upande ukashika njia yake.

Katika kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni takriban theluthi moja tu. Hufungwa marobota, na sehemu kubwa huuzwa nje ya nchi. Kazi za kusokota, kufuma na kushona huondoka nazo.

Uzito mwingi uliosalia ni mbegu. Kiasi hurudi shambani kupandwa. Nyingine hukamuliwa mafuta, ambayo lazima yasafishwe kwanza kwa sababu yana gosipoli, sumu ya asili ya mpamba. Masalia yake ni mashudu, na katika nchi ya Wasukuma, ambako ng'ombe ndiyo benki ya familia, mashudu hayakosi mnunuzi. Kiangazi kikikausha majani, anayenenepesha mifugo ya kupeleka mnadani huyategemea. Mnyororo huo wa mbegu na mashudu huajiri wapakuaji, washona magunia, mafundi mitambo, madereva na mama lishe wanaopika nje ya geti la kiwanda.

Wazo la mkulima mwenyewe kumiliki mitambo ya aina hiyo si geni Kanda ya Ziwa. Mwaka 1955 vyama vya ushirika viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, na shirikisho hilo likaingia katika uchambuaji wa pamba. Simiyu, iliyozaliwa kama mkoa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ilifufua wazo hilo kwa sura nyingine. Chini ya Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka, kaulimbiu ikawa wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja: vijana wa Maswa wakatengeneza chaki, wa Meatu wakasindika maziwa.

Kikwazo cha kazi za viwanda vya pamba ni kalenda. Pamba ikiisha ghalani, jini hunyamaza na vibarua hurudi nyumbani hadi msimu ujao. Mvua ikikatika mapema, ukimya huo huanza mapema pia. Mashine ya kukamulia, hata hivyo, inaweza kupokea alizeti baada ya mbegu za pamba, ikaongeza miezi ya kazi.

Wakati huohuo, usindikaji wa zamani kuliko jini zote unaendelea uani. Akina mama hukata viazi vitamu vibichi na kuvianika juu ya mawe viwe michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaushwe, huitwa matobolwa. Huhifadhiwa kwa miezi ya njaa, na ziada huenda gulioni, ikipimwa kwa debe.