Maji ya Mungu, Kazi ya Watu

Barabara ya taifa namba 2 itokayo Goma kwenda Bukavu hupita Sake, kisha hugeukia kusini na kufuata ukingo wa Ziwa Kivu chini ya milima ya Masisi. Katika kipande hicho ndipo ilipo Shasha, kijiji cha wakulima, wavuvi na wachuuzi katika eneo la Bahunde. Mbele yake kuna ziwa lenye kina kinachofika mita 480 hivi. Nyuma yake kuna milima inayopokea mvua kwa misimu miwili ya mwaka. Ndizi, maharagwe na mihogo hustawi, na vijito hushuka mabondeni. Mtu aliyezoea ukame wa Turkana au Dodoma angeapa kwamba hapa hakuna anayehangaikia maji.

Watu wanahangaika. Maji ni mengi, ila yaliyo safi ni machache, na hayo machache mara nyingi yako mbali na nyumba. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya Afrika, huku watu milioni 51, robo tatu ya raia wake wa wakati huo, wakikosa maji salama ya kunywa. Ibara ya 48 ya Katiba ya 2006 inamhakikishia kila raia maji hayo. Kati ya ahadi ya Katiba na bidoni, dumu la maji la nyumbani, kuna pengo kubwa, na vijijini mwa Masisi waliolibeba pengo hilo miaka yote ni wanakijiji wenyewe, kwa desturi zao za kuchota, kugawana, kufanya kazi pamoja na kukatazana. Naandika nikiamini kwamba mradi wa maji usioshika mizizi katika desturi hizo hauna maisha marefu, hata uwe na saruji nyingi kiasi gani.

Kuchota ni kazi ya kwanza ya siku. Asubuhi wanawake na wasichana hushika njia ya mtoni, ya chemchemi au ya ziwani wakiwa na mabidoni ya manjano ya lita 20. Katika milima ya Kivu mzigo mzito hubebwa mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso, ili mikono ibaki huru kwenye mteremko wenye utelezi. Bidoni lililojaa lina uzito wa kilo 20 hivi. Msichana wa miaka kumi hujifunza kubeba dogo kabla ya kupewa la mama yake, na njiani hujifunza mengine pia: nani wa kusalimiwa kwa heshima, mzee gani apishwe atangulie kuchota, jirani yupi amejifungua na anahitaji kupelekewa maji nyumbani. Penye foleni, habari za kijiji husambaa kabla ya jua kuchomoza vizuri. Njia ya maji ni shule, na ni mzigo vilevile. Anayeisifu kama shule bila kuhesabu saa za darasani ambazo wasichana huzipoteza huko hajaiona yote.

Kuna kanuni za kale ambazo hazikuandikwa popote. Maji ya kunywa huchotwa juu, nguo hufuliwa chini yake, na ng'ombe hunyweshwa chini zaidi. Anayefulia juu hukemewa na mama yeyote aliyepo, awe ndugu yake au asiwe. Chombo chenye masizi hakichovywi kwenye jicho la chemchemi. Ukingoni mwa ziwa kuna onyo jingine ambalo watoto wa ukanda wa Goma na Sake huambiwa mapema: usiingie kwenye mashimo na mabonde madogo alfajiri, kuna mazuku. Ni hewa ya ukaa itokayo ardhini katika nchi hii ya volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama mahali pa chini na kuua mbuzi, mbwa hata watu bila harufu wala sauti. Wazee waliyajua maeneo hayo kwa kuhesabu mifugo iliyokufa, zamani kabla ya wataalamu kuja na vipimo. Ujuzi wa aina hiyo ndio uliowafundisha watu kwamba ardhi na maji vina masharti yake.

Fikra hiyo iko wazi zaidi upande wa magharibi, Walikale, kwa Wanyanga, ambao ni majirani wa karibu wa Bahunde kwa lugha na kwa mila. Utendi wao wa Mwindo ulirekodiwa mwaka 1956 na Daniel Biebuyck kutoka kwa mtambaji Shé-Karisi Rureke, ukachapishwa mwaka 1969 kwa kushirikiana na msomi Kahombo Mateene. Mwindo, mtoto aliyekataliwa na babake, anafungiwa ndani ya ngoma na kutoswa majini. Anasafiri humo kumtafuta shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka anayetawala vilindi. Baadaye anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, mwenye radi, na kwa kosa hilo anachukuliwa juu mbinguni, anateswa na baridi, mvua na jua, na kuamriwa asiue tena wanyama. Anaporudi anawapa watu wake sheria. Mwindo ni shujaa aliyeshinda kila adui, lakini hapati utulivu wa kutawala mpaka akubali kwamba mvua na viumbe vya porini vina nguvu kuliko yeye. Kwa watu waliolelewa na hadithi hiyo, hakuna mtu mkubwa kiasi cha kufanya apendavyo na mto.

Baada ya kuchota na kanuni zake, nguzo ya pili ya maisha ya maji ni salongo, kazi ya pamoja ya kijiji. Jina hilo lilienezwa nchi nzima na serikali ya Mobutu katika miaka ya 1970, na kwa wengi lilikuja na amri na adhabu. Lakini kusaidiana katika kulima na kujenga nyumba kulikuwako vijijini kabla yake, na ndiyo maana salongo imeishi baada ya aliyeiamuru kuondoka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku ya salongo watu hutoka na majembe, mapanga na makoleo, wakafyeka njia, wakazibua mitaro na kusafisha mahali pa kuchotea.

Salongo ndiyo injini ya kazi ambayo huku huitwa kaptaji, yaani kuikinga chemchemi. Watu huchimba kufuata maji hadi kwenye jicho lenyewe, mahali yanapotoka udongoni. Hapo hupangwa mawe na kokoto ili maji yapite na uchafu ubaki, kisha juu yake hushindiliwa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji ya mvua. Ukuta hujengwa mbele, bomba likatokezwa kwa urefu unaotosha bidoni kukaa chini yake. Juu ya chemchemi huchimbwa mtaro wa kugeuza maji ya mvua yanayoteremka na kinyesi cha mifugo, na eneo lote huzungushiwa ua. Vyoo huwekwa mbali, angalau mita 30, na upande wa chini. Mikaratusi haipandwi karibu kwa kuwa hunywa maji mengi. Mashirika huleta saruji, mabomba na fundi. Kijiji huleta mawe, mchanga, kokoto na nguvu. Chemchemi ikiwa juu ya kijiji vya kutosha, maji husafiri kwa mteremko wenyewe hadi kwenye robine, yaani bilula, za chini, bila pampu na bila mafuta.

Mawe yale yaliyobebwa mgongoni yana maana kuliko bei yake. Mama aliyebeba jiwe kutoka mtoni hatamwacha mtoto wa mtu kuchezea robine. Kijiji kilicholetewa kila kitu hungoja aliyeleta arudi kutengeneza.

Kisha kuna kolera, yaani kipindupindu. Kivu ya Kaskazini, jimbo lenye Goma na Masisi, inaijua vizuri sana. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma kwa mamia ya maelfu, kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu yao katika wiki chache, kwa kuwa ardhi ya lava haikuchimbika vyoo wala makaburi, na maji yalikuwa yale ya ziwa. Tangu hapo ugonjwa haujaondoka kwenye ukanda huu. Ziwa Kivu linaonekana safi, halina mamba, na watu huoga, hufua na kuchota palepale. Macho hayawezi kuona kijidudu.

Hapo ndipo desturi mpya ilipozaliwa: mtu wa klorini. Panapochotwa maji ya ziwa, mhudumu hukaa kwenye kivuli chake akiwa na dawa ndani ya bomba la sindano. Kila bidoni linapojazwa hulitilia kipimo, mwenye bidoni akaambiwa asubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Mara kwa mara huchukua maji kidogo akayapima kwa kidonge kinachoyapa rangi ya waridi, kuona kama dawa iliyobaki inatosha. Mwanzoni watu wengi hukataa. Husema maji yananuka, wengine hunong'ona kwamba dawa inafunga uzazi. Anayewabadilisha ni reko, mhamasishaji wa afya anayechaguliwa na kijiji chenyewe. Hupita nyumba kwa nyumba, hukaa kwenye kigoda, hula na watu, na huongea Kihunde, Kinyarwanda au Kiswahili kulingana na nyumba aliyomo. Wanamsikiliza kwa sababu ni mtu wao, na kwa sababu mtoto wake anakunywa maji yaleyale.

Penye mvutano mkubwa zaidi ni kwenye pesa. Robine huvunjika, mpira wa valvu huchakaa, mlinzi anahitaji posho. Kamati za maji hutoza kiasi kidogo kwa bidoni au kwa mwezi, na jibu la kwanza huwa lilelile: maji ni ya Mungu, vipi tuyanunue? Wanaosema hivyo wana haki, na kamati zenye busara hazibishani nao. Huwaambia kwamba maji kweli ni ya Mungu, ila bomba ni la watu, na linalolipiwa ni bomba. Sheria ya maji ya 31 Desemba 2015 iliondoa ukiritimba wa Regideso, shirika la serikali ambalo huduma yake ni ya mijini zaidi, ikafungua mlango kwa wengine kuendesha huduma. Nafasi hiyo ina faida kwa kijiji pale tu hesabu zinaposomwa hadharani. Mweka hazina asiyeonyesha daftari huua kamati haraka kuliko vita. Na mjane, mlemavu na mzee asiye na mtu wamekuwa wakichotewa bure tangu zamani. Kamati inayowasahau inakuwa imeleta biashara mahali pa ujirani.

Kuna jambo katika desturi zetu linalopaswa kubadilika bila kuoneana haya. Mikono inayochota ni ya wanawake, migongo inayobeba ni ya wanawake, ila kiti cha mwenyekiti mara nyingi hukaliwa na mwanamume. Mwanamke ndiye anayejua robine ipi hutoa maji machafu baada ya mvua na saa ngapi foleni huwa ndefu. Kumweka kwenye kamati kuandaa chai tu ni hasara ya kijiji kizima.

Uchafu nao umebadilika. Majani ya mgomba yaliyofungia chakula zamani yalioza shambani. Mifuko na chupa za plastiki haziozi. Mvua huzikokota hadi ziwani, na ziwa huzisukuma kusini mpaka Bukavu, zikaziba mitambo ya bwawa la Ruzizi I na kukata umeme. Amri ya serikali ya 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini sokoni bado ipo. Juu milimani, msitu uliokatwa kwa makaa na malisho umeacha udongo uchi. Mnamo 4 Mei 2023, siku ya soko, mafuriko yaliwaua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, kusini zaidi kwenye ukingo huuhuu wa ziwa. Kwa hiyo anayepanda miti juu ya chemchemi analinda maji na analinda nyumba zilizo chini yake.

Na vita vinavunja vyote hivi. Mwanzoni mwa 2024 mapigano yalifika Sake na Shasha, watu wakakimbilia Bweremana, Minova na Goma wakiwa na watoto, godoro na bidoni. Januari 2025 Goma nayo ilipokosa umeme na maji, wakazi walichota moja kwa moja ziwani, kolera ikihofiwa upya. Vita humkimbiza mlinzi wa robine, huitawanya kamati, hukomesha salongo, na mtaro wa juu ya chemchemi huziba kwa msimu mmoja wa mvua. Bomba linaweza kubaki zima huku huduma imekufa.

Ndiyo maana wafadhili na viongozi wanaorudi baada ya kila vita wanakosea wanapoanza na saruji. Waanze na kikao. Waulize nani alikuwa akisafisha mtaro, nani alishika daftari, mama gani alikemea waliofulia juu. Wawalipe watu wa klorini kwa wakati na wamkabidhi mwanamke ufunguo wa sanduku la fedha. Wasimamie salongo ya kwanza wakiwa na jembe mkononi. Masisi ina Bahunde, Wahutu, Watutsi na wengine wengi waliogawanywa na siasa ya ardhi kwa miongo, lakini foleni ya robine huwapanga wote kwa mpangilio wa kufika. Mwenye kutaka amani katika milima hii hatakosa mahali pa kuanzia: ailinde foleni hiyo, na kila aliyesimama ndani yake apate zamu yake ya kuchota na zamu yake ya kufanya kazi.