Tone la Damu Kutoka Kwenye Kitovu

Kila aliyewahi kusubiri nje ya leba anayaogopa maneno mawili ya mkunga: "Mtoto amechoka." Yakishatamkwa, mama anakimbizwa thieta au anahimizwa kusukuma, na mtoto akitoka kimya, lawama hutafuta mtu. Mara nyingi humwangukia mama: hakusukuma vizuri, alibana miguu, alikunywa dawa za kienyeji. Lakini kuchoka huko huacha alama katika damu, na alama hiyo inapimika.

Mtoto aliye tumboni hapati oksijeni kwa mapafu yake. Huipata kupitia kondo la nyuma, na kila uchungu unapokaza, mishipa inayolisha kondo hubanwa. Uchungu ukiachia, damu hurudi. Mtoto mwenye akiba ya kutosha huvumilia hali hii kwa saa nyingi. Uchungu ukifuatana bila nafasi, kitovu kikibanwa, au njia ikiwa nyembamba na leba ikavuta mchana na usiku, oksijeni hupungua mpaka seli zinalazimika kutumia sukari bila hiyo. Hapo ndipo laktati, zao la kazi hiyo, inapojaa kwenye damu, kama inavyojaa kwenye misuli ya mkimbiaji anayemaliza mbio kwa kasi.

Kuipima kunaanza mara kitovu kinapokatwa. Mkunga anabana kipande chake pande zote mbili na kukiweka kwenye trei. Ukikitazama pale kilipokatwa utaona mishipa mitatu: mmoja mpana, wenye ukuta laini, na miwili myembamba yenye kuta nene. Ule mpana ulikuwa ukimpelekea mtoto damu kutoka kwenye kondo. Ile myembamba ilikuwa ikiitoa damu kwa mtoto, kwa hiyo ndiyo inayoeleza hali yake mwenyewe, na humo ndimo sindano inapoingia. Mtoto hachomwi popote. Tone moja linawekwa kwenye kifaa cha mkononi kinachofanana na kile cha kupimia sukari, na jibu huja ndani ya dakika moja. Damu isiachwe kungoja, kwa sababu seli zake huendelea kutengeneza laktati na namba hupanda yenyewe.

Urahisi huo si jambo dogo. Nchini Sweden, utafiti uliotolewa mwaka 2008, uliohusisha wajawazito wapatao 3,000, ulilinganisha laktati na kipimo cha zamani cha asidi, kwa damu ya kichwani mwa mtoto wakati wa leba. Hali za watoto hazikutofautiana. Ila kipimo cha zamani kilishindikana kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi, na cha laktati kwa mmoja hivi kati ya mia. Kwetu Afrika Mashariki, watafiti wa Mbale, Uganda, wameipima laktati ya kitovu kwa watoto wa akina mama waliokwama katika leba.

Namba yenyewe inataka akili. Vifaa viwili vinaweza kutoa majibu tofauti kwa damu ileile, hivyo kila hospitali ijue mpaka wa kifaa chake. Mtoto aliyelegea kwa sababu ni njiti, au kwa dawa ya maumivu aliyopewa mama, anaweza kuwa na laktati ya kawaida. Mwingine analia vizuri na namba yake iko juu. Wengi wa aina hii huendelea salama, lakini ni haki yao kuangaliwa kwa karibu: sukari, joto, kunyonya, degedege.

Na kifaa hakimpumulii mtu. Tanzania ilipoanza mwaka 2009 kuwafundisha wahudumu wa hospitali nane kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa 47%. Begi na barakoa vitangulie daima.

Vikishakuwepo, ningependa kipimo hiki kifike kwanza hospitali za wilaya, kusiko na mashine kubwa za gesi za damu, na kila namba iandikwe kwenye faili. Zikikusanywa kwa miezi kadhaa na kuonekana ziko juu kwa watoto ambao mama zao walingoja thieta usiku, timu itajua pa kuanzia: daktari wa zamu, damu ya akiba, au jenereta.