Je, Wajua? Siri ya Sahani ya Makande

Je, wajua kwamba makande (mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja) anayokula mwanafunzi wa Ngokolo, Shinyanga, hujenga mwili vizuri zaidi kuliko mahindi au maharage yakiliwa peke yake? Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, ambayo imejaa kwenye maharage. Maharage nayo yana upungufu wa asidi amino nyingine, methionini, inayopatikana kwenye mahindi. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la kingine. Choroko na dengu, mazao ya Usukumani, hufanya kazi hiyohiyo.

Ongeza embe au chungwa: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage. Chai isubiri, maana hupunguza ufyonzaji huo.

Mzazi, ukipeleka debe la mahindi shuleni, lisindikize na kisado cha choroko.